Kabla hujalipa ada ya chuo cha sauti, shika waya kwanza

Mwezi wa sita alinijia kijana kutoka Newala, flashi kaining'iniza shingoni kama hirizi. "Shikamoo dada." Marahaba. "Nimeambiwa wewe ndiye dada fundi uliyesomea mambo ya studio." Kwenye flashi mlikuwa na biti 43, singeli na bongo fleva, na nyingine, niseme kweli, kali kuliko zangu. Alitaka nimtajie chuo, basi. Nilikuwa na waya wa maiki unaokatakata tangu harusi ya Jumapili. Nikampa waya, nikampa na mita ya kupimia umeme, nikamwambia atafute umekatikia wapi. Akautazama waya, akanitazama mimi. "Dada, mimi nataka kuwa prodyuza, si fundi redio."

Na mimi nilishasema hivyohivyo, mbele ya mwalimu, wiki yangu ya kwanza chuoni. Ndiyo maana sikumkasirikia.

Nafanyia kazi Mikindani, Mtwara, chumba kimoja ubavuni mwa nyumba ya bibi yangu. Narekodi kaswida, kwaya, matangazo ya maduka, na Jumamosi na Jumapili nakaa nyuma ya miksa kwenye maharusi kuanzia Magomeni hadi Naliendele. Diploma ninayo, iko kabatini. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu anikalishe aniambie kabla sijapanda basi.

Kwanza jua unakwenda kusomea nini, maana mtaani kazi mbili tunaziita jina moja. Prodyuza ni mwenye wimbo: anachagua ala, anamwambia mwimbaji rudia ubeti wa pili, anajua wimbo umeiva au bado. Fundi sauti ni mwenye sauti: maiki ipi, ikae wapi, kwa nini spika ya kushoto inanguruma, kwa nini besi inapotea ukisimama katikati ya chumba na kurudi ukisogea ukutani. Huku kwetu mtu mmoja hufanya zote mbili na spika anazipakia mwenyewe kwenye bajaji. Vyuo lakini hutofautiana. Vingine vinaegemea muziki: utasoma nota, utapigishwa kinanda, utaimba mbele ya wenzako hata kama hutaki. Vingine vinaegemea mitambo. Ukienda Bagamoyo kwenye TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), ile iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, unaingia kwenye nyumba ya sanaa, utapishana koridoni na wacheza ngoma na waigizaji. Ukienda DCMA, chuo cha muziki cha Zanzibar, utakuta taarabu na ala zake, udi na kanuni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya sanaa za ubunifu, ila hapo unahitaji matokeo ya kidato cha sita au diploma inayokubalika. Kwa aliyeishia kidato cha nne, njia ni ngazi za NTA, yaani ngazi za kitaifa za mafunzo ya ufundi: ya 4 ni cheti cha awali, ya 6 ni stashahada. Chuo chochote cha ngazi hizo utakachotajiwa, kitafute kwanza kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Kama hakimo, hata kiwe na picha za studio yenye taa za zambarau, achana nacho.

Halafu, ukiweza, nenda ukakione kabla hujalipa. Waulize maswali mawili tu. Studio moja wanaigawana wanafunzi wangapi? Na mwanafunzi anakaa mwenyewe kwenye miksa saa ngapi kwa wiki? Mimi sikuuliza. Chuo nilichosoma sikitaji. Tulikuwa 32 kwa miksa moja, na zamu yangu ilikuwa dakika 40 kwa wiki, tena zikianza kwa kutafuta ufunguo. Nilichofanya ni kuomba muda ambao hakuna aliyeutaka, saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi alinizoea akawa ananifungulia, nami nampelekea chai. Kama utajikuta kwenye hali hiyo, zungumza na mlinzi kabla ya mkuu wa idara.

Sasa ada. Mimi nilisomeshwa kwa korosho, na wengi wenu ni hivyohivyo. Vyuo vingi hufungua Septemba au Oktoba, na minada nayo huanza Oktoba. Mzigo ukishanunuliwa ghalani, fedha bado zina safari yake hadi kwenye akaunti ya mzee. Kwa hiyo wakati wewe unatakiwa uwe darasani, baba yako anakwambia "mnada wa pili, mwanangu". Uliza mapema: ada inalipwa kwa awamu ngapi, ya kwanza ni kiasi gani, na barua ya kuomba kuongezewa muda inapelekwa kwa nani. Mimi nilikaa wiki mbili nje ya darasa. Na wiki hizo mbili ndizo waliposomeshwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli nimezisoma kwenye daftari la mwenzangu, bombani, tukisubiri maji.

Nakwambia hili kwa sababu desibeli ndiyo inayowakimbiza watu. Wanaona logi ubaoni wanasema hii hesabu, mimi nilikuja kwa ajili ya muziki. Ichukue hivi. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, umepata desibeli 3 tu. Mtu akisogea mbali na spika mara mbili ya pale alipokuwa, kwenye uwanja wa wazi, amepoteza desibeli 6. Basi mwenye harusi akija kukwambia watu wa nyuma hawasikii, usikimbilie kuongeza. Utawaumiza wa mbele masikio, na wa nyuma bado hawatasikia maneno. Weka spika ya pili katikati ya uwanja. Ila sauti ina mwendo wake: kwa joto letu la nyuzi 30 inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Spika ya pili ikiwa mita 35 kutoka ile ya kwanza, icheleweshe milisekunde 100, la sivyo MC atajibizana na mwangwi wake mwenyewe usiku kucha. Hiyo ndiyo hesabu. Nalipwa kwa hesabu hiyo kila Jumamosi.

Turudi kwenye waya, maana yule kijana bado kaushika.

Waya mzuri wa maiki una nyuzi mbili ndani na wavu wa shaba unaozizunguka. Plagi ina pini tatu, na namba zimeandikwa humo ndani kwa herufi ndogo sana, zitafute kwa tochi ya simu. Pini ya 1 ni ya wavu, ya 2 na ya 3 ni za zile nyuzi. Sauti inapita kwenye nyuzi zote mbili, lakini kwenye wa pili imegeuzwa: mmoja ukipanda, mwenzake unashuka. Njiani waya unalala kando ya eksteni ya umeme, na umeme wetu una mtetemo wa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, ule mngurumo mzito unaoujua. Mngurumo unaingia kwenye nyuzi zote mbili sawasawa. Kufika kwenye miksa, uzi wa pili unageuzwa tena na kujumlishwa na wa kwanza. Sauti zinakutana zikielekea upande mmoja, zinaongezeana nguvu. Mngurumo sasa umegeuzwa upande mmoja tu, unakutana na pacha wake ana kwa ana, wanafutana. Nilipoelewa hivi nilicheka mwenyewe darasani. Ujanja mkubwa kiasi hicho, umekaa ndani ya waya ninaoukanyaga kila wiki.

Uzi mmoja ukikatika, kufutana hakupo tena. Sauti inadhoofika na mngurumo unajitokeza. Ukiona hivyo usiguse ikwalaiza, vile vitufe vya kuongeza na kupunguza besi na ukali. Weka mita kwenye mlio (inalia uzi ukiwa mzima), gusa pini ya 1 ya huku na ya 1 ya kule, kisha 2 kwa 2, kisha 3 kwa 3, huku unauchezesha waya karibu na plagi, maana karibu kila mara unakatikia hapo, pale unapojikunja. Kijana wa Newala alitumia saa moja na nusu. Ilikuwa pini ya 3. Nikamwonyesha kuchomelea risasi: pasha moto pini kwanza, risasi ije iyeyukie kwenye pini, siyo kwenye ncha ya pasi. Donge likitoka lenye kung'aa ni zima. Likiwa la kijivu na chembechembe, rudia. Lake la kwanza lilikuwa kama kinyesi cha mjusi. La nne lilikuwa zuri.

Kama una miezi mitatu ya kusubiri majibu ya chuo, usiimalizie kwenye kutafuta programu zilizodukuliwa. Nenda VETA ya hapa Mtwara au ya Lindi ukasome misingi ya umeme, au kakae kwa fundi redio umshikie tochi. Utafika chuoni unajua ampia ni nini wakati wenzako wanaogopa soketi.

Vifaa vya kununua nitavipita upesi, maana vijana hulipenda hili kupita kiasi. Hedifoni nzuri iliyofunika masikio, kabla ya spika. Maiki moja ya kushika mkononi, ya aina ya Shure SM58, muundo ambao upo tangu mwaka 1966 na bado unatumika. Feki zimejaa, iwe nyepesi kama kopo ujue umeibiwa. Kadi ya sauti, ile ya kuunganisha maiki na kompyuta, yenye matundu mawili na kitufe cha volti 48 kwa maiki zinazohitaji umeme. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8. Programu anza na REAPER, inakuruhusu kuijaribu siku 60 ikiwa kamili, au Audacity ambayo ni ya bure kabisa. Mengine yote yasubiri. Nimewaona watu wenye spika za milioni mbili kwenye chumba cha bati.

Na chumba chenyewe. Trei za mayai hazizuii sauti. Nasema tena kwa wale wa Chikongola walionibishia: hazizuii. Ni karatasi nyembamba, zinapunguza kidogo ule ukali wa juu na kuacha besi yote ikizunguka, kwa hiyo chumba kinasikika kama pipa. Sauti inamezwa na kitu kinene chenye nyuzinyuzi. Na vitu hivyo tunavyo: godoro limesimamishwa pembeni, magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi, mito ya sufi. Chumba changu cha kwanza nilikipamba kwa magunia manne ya makumbi, moja kila kona, maana besi inarundikana konani. Chumba cha upana wa mita 3 kina noti yake kinayoipenda, karibu hezi 58, kila besi ikiigusa chumba kizima kinaitikia. Ndiyo sababu wimbo uliouona mzito nyumbani unakuwa mwembamba kwenye daladala. Bati nalo halina dawa. Mvua ikianza, funga kazi ukanywe chai. Panga ratiba kwa adhana pia, na kusi ikivuma usirekodi nje bila kuivika maiki sponji nene.

Sasa nifike kwenye lile lililoniumiza.

Muhula wa tatu tulipewa kazi ya kurekodi ngoma ya kwetu. Nikaona nimepata. Nikarudi nyumbani likizo, nikawakusanya wazee watatu wa vinganga na ngoma kubwa, nikatundika maiki zangu mbili, nikarekodi. Mara ya kwanza walipiga vizuri lakini mmoja alikosea katikati. Tukapumzika, wakavuta sigara, tukaongea habari za bei ya korosho, tukarudia. Nikajisemea, nitachukua nusu ya kwanza ya huku na nusu ya pili ya kule, nitaunga. Chuoni nikaunga kwa ustadi mkubwa, hata mshono huuoni kwenye kioo. Nikamchezea mwalimu.

Akasikiliza hadi mwisho. "Hapa katikati ngoma imeshuka. Hukusikia?"

Sikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeutazama mshono, sikuusikiliza. Ngoma zile zinaotwa moto wa majani makavu ili ngozi ikaze. Wazee walikuwa wameziota kabla ya kuanza. Tulipokuwa tunaongea habari za korosho, jioni, upepo wenye unyevu ukitoka baharini, ngozi zilikuwa zinalegea taratibu. Mara ya pili walipiga ngoma zilezile zenye sauti nyingine. Nilipomsimulia bibi kwenye simu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alisema: "Si mlitakiwa muote tena moto?" Yaani jibu la mtihani wangu lilikuwa jikoni kwetu tangu sijazaliwa.

Tangu hapo nina zoezi ninalofanya, na ninawapa wanaokuja kwangu. Kabla ya kugusa kitufe chochote, fumba macho, sikiliza mara moja mpaka mwisho, andika kwenye karatasi kwa Kiswahili cha kawaida kinachokukera. "Sauti ya pili imekaa puani." "Kuna nyuki upande wa kulia." "Ngoma imeshuka." Kisha ndipo utafute kitufe. Chuoni watakupa majina ya hayo yote kwa hezi na desibeli, na utahitaji majina hayo. Lakini sikio la kuyakuta unaweza kulianza leo. Kaa kibarazani usiku, taja kila sauti na umbali wake: jenereta ya duka, bodaboda inapanda kilima, mtoto nyumba ya tatu, bahari. Nenda kwenye sherehe, simama nyuma ya wapigaji uone nani anamfuata nani. Hiyo ni mali ya Mmakonde na Mmwera, haina ada.

Ila chunga kimoja. Mambo ya unyagoni hayarekodiwi kwa sababu tu una maiki. Mimi ni mwanamke, nimekaa ndani, na bado nikitaka kurekodi wimbo wowote wa huko naomba ruhusa kwa somo, mwalimu wa unyago. Akikataa, imekwisha. Kuna mwanafunzi mwenzangu aliyetaka kuweka sampuli ya nyimbo za jando kwenye biti ya klabu. Wazee wa kijijini kwao mpaka leo hawajamwitikia salamu.

Namba chache za kushika. Rekodi kwa biti 24 (si zile biti za kwenye flashi yako) na usiifukuzie taa nyekundu, sauti ikicheza kwenye desibeli 12 hadi 18 chini ya kilele inatosha, utaongeza baadaye. Muziki mtupu sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara hizo kila sekunde; kazi ya video, 48,000. Usichanganye. Niliwahi kurekodi kaswida ya madrasa kwa 44,100, mtu wa video akaifungua kana kwamba ni 48,000. Ikaenda mbio na kupanda karibu robo tatu ya noti nzima, ustadhi akasikika kama mwanafunzi wake. Kila faili nakala tatu, moja isiwe kwenye nyumba ileile. Na hifadhi kila dakika tano, kwa mkono, mpaka iwe kama kukohoa. Mimi nilipoteza albamu ya kwaya, nyimbo sita, umeme ulipokatika saa mbili usiku. Nililazimika kuwaita tena watu 24 na kuwapikia pilau.

Masikio yenyewe sasa. Kwenye desibeli 85 unaweza kukaa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye desibeli 100, hali ya kawaida kabisa mbele ya spika za singeli, ni dakika 15. Nunua vizibo vya masikio kabla hujanunua maiki ya pili. Watakucheka. Mimi wananiita daktari.

Mafunzo kwa vitendo wengi hung'ang'ania Dar. Rudi huku. Dar utakuwa mtu wa nane kwenye studio, utatumwa maji. Huku utakaa kwenye miksa siku ya kwanza: kwaya za Masasi zinahitaji mtu, madrasa zinahitaji mtu, redio za mikoani zinahitaji mtu anayejua kwa nini simu za wasikilizaji zinapiga mwangwi. Na kazi ya kwanza ukilipwa au usilipwe, andika karatasi: biti ya nani, mashairi ya nani, kila mmoja anapata kiasi gani, sahihi, tarehe. Ukiweza mkaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Harmonize katoka mkoa huuhuu wa Mtwara, na anayefuata huenda akarekodi wimbo wake wa kwanza kwenye chumba chako chenye magunia. Karatasi hiyo uwe nayo siku hiyo.

Safari. Mtwara hadi Dar ni karibu kilomita 560, basi linaondoka alfajiri. Kompyuta na maiki usiviweke kwenye buti, kuna vumbi na kuna madumu ya watu. Vibebe mapajani, vimeviringwa kwenye kanga. Waya uviringe mduara mpana, usiukunje kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi, ndivyo unavyokatika. Pasi ya risasi na mita weka mfukoni mwa begi, utaviazimwa siku ya pili tu. Na kilo mbili za korosho zilizobanguliwa ziwe juu kabisa, za mwenye nyumba utakayepanga kwake, na kidogo za mlinzi.